Nusu ya Neno la Mzee Tochi

Kila asubuhi, kabla jua halijawa kali, Mzee Tochi hufika nyumbani kwa binti yake, huvua viatu mlangoni, hukunja mikono ya shati na kwenda moja kwa moja chumbani kumwogesha mkwewe. Ndiyo, mkwewe. Usishtuke. Mtu na mkwewe huheshimiana kwa mbali, hawapakani sabuni mgongoni. Lakini yaliyomkuta mzee huyu yalimmalizia aibu ndogo ndogo zote. Sasa anamsugua mkwewe masikio na kucha bila hata kugeuza uso.

Mkwe mwenyewe wanamwita Mpole. Jina la utani hilo walimpa wafanyakazi wenzake, na lilimkaa. Mwanamume mzima, mabega mapana, alikuwa msimamizi wa kituo cha kusukuma mafuta kwenye lile bomba kubwa. Sasa hukaa ukingoni mwa kitanda akitabasamu. Humtabasamia mkwewe, huitabasamia ndoo, huutabasamia ukuta. Kijiko humwachii peke yake, na bafuni haingii bila mtu.

Huko jikoni yumo binti, mtoto pekee wa Mzee Tochi. Huyu tangu anatambaa walimwita Chiriku kwa sababu ya mdomo. Jamani, mtoto alikuwa na maneno! Anaongea akila, anaongea akifua, akikosa mtu anabishana na redio na kuishinda. Babake alikuwa akirudi kazini akiwa bado kona ya mtaa, anaisikia sauti yake, anajua kwake kuzima.

Siku hizi mambo ni hivi:

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mama. Mmeamkaje?"

"Salama."

Basi. Yamekwisha. Kuanzia hapo ni sauti za sufuria na maji. Mzee akiuliza taulo liko wapi, anaonyeshwa kwa kidole. Akisema leo kuna joto, anajibiwa "ehe". Akiaga, "haya". Kila aendapo pale roho yake inaomba kitu kimoja tu: mwanawe amseme. Hata amtukane. Hata amwambie wewe ndiye uliyenimalizia mume, ilimradi aseme kama binti anavyosema na babake. Kumkosa mkwe ameshamkosa; anachogombania sasa ni huyu mmoja aliyebaki.

Lakini usije ukamhurumia haraka. Ngoja kwanza umjue.

Mzee Tochi alikuwa mkaguzi wa usalama wa bomba la mafuta. Kazi yake ilikuwa kuzunguka vituoni: kule mafuta yanakosukumwa, kule yanakohifadhiwa kwenye matangi, na kule malori yanakopakia. Anatazama kama valvu zinafunga, kama geji zinasema kweli, kama mitungi ya kuzimia moto ina kitu ndani au ni mapambo. Jina la Tochi alilipata kwa kuwa alitembea na tochi mchana kweupe. Wenzake wanatazama juu, yeye yuko chini ya bomba amelala chali, shati jeupe kwenye vumbi, anamulika mahali ambapo fundi aliyepaka rangi aliona uvivu kuinama. "Juu kila mtu anapaka," alikuwa akisema. "Nionyeshe tumboni."

Walimwogopa, yule! Kituo kimoja walipoona gari lake getini, mpishi wa kantini alizima jiko, akatoka nje na mikono juu. Hakuna aliyemwamuru. Alizoea tu.

Na ukaguzi wake ulikuwa wa kushtukiza. Kuna kaguzi za kutangaziwa, siku ambayo hata paka wa kituo anaogeshwa, na kuna zile ambazo watu hawana habari. Mzee Tochi aliziamini hizi za pili kama watu wanavyoamini dini. Hata dereva wake hakujua waendako. "Mzee, leo tunashika njia gani?" Anajibiwa, "Wewe washa gari, barabara itajieleza." Dereva alikuwa akilalamika kantini kwamba miaka yote ameendesha kwa kuambiwa kata kulia, kata kushoto, kama mtu anayejifunza gari.

Kuvujisha siku ya ukaguzi kwake ilikuwa dhambi isiyo na toba. Mkaguzi mwenzake mmoja aliwahi kumnong'oneza rafiki yake wa kituoni kwamba kesho tunakuja. Mzee Tochi akagundua, akampeleka kwa mkuu, mtu akaondolewa kazini. Na mtu yule ndiye aliyesimama naye kwenye harusi yake! Mke wa mzee mwenyewe alimlilia amsamehe rafiki yake. Wapi. "Anayemwonya mkosaji ndiye mkosaji wa kwanza," akasema, akaendelea kula.

Haya. Huyo ndiye mtu ambaye Chiriku alimletea mchumba mpole.

Si kwamba kijana alikuwa mbaya. Alikuwa fundi wa pampu, hanywi, hagombani, mshahara anapeleka nyumbani. Ila alikuwa mtu wa taratibu, na Mzee Tochi hakuwapenda watu wa taratibu. "Huyu ukimwambia nyumba inaungua," alimwambia mkewe, "atauliza kwanza ni chumba gani." Walioana, wakapewa nyumba ya kampuni karibu na kituo, na kijana akaanza kumwita Baba. Alimwita hivyo kwa moyo kweli, maana wa kwake alifariki akiwa mdogo. Mzee alikuwa akiitikia "naam" kama anavyoitikia simu ya ofisini.

Siku Mpole alipopandishwa kuwa msimamizi wa kituo, alikuja ukweni na kofia yake mpya ya kazi, ile nyeupe ya wakubwa. Hakuivaa, aliishika kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba mayai. Akampa mzee aitazame. Mzee akaigeuza, akauvuta mkanda wa kidevuni, akasema, "Umelegea huu. Ikianguka haitakusaidia." Akamrudishia.

Mpole akacheka, akaanza kuukaza palepale. Lakini mama mtu, mke wa mzee, alisubiri wageni waondoke, akamwambia mumewe, "Baba Chiriku, mtu akija na furaha yake ipokee kwanza. Halafu ndiyo uikague."

"Nimesema kweli au sikusema?"

"Umesema. Wewe kweli zako haziishi."

Mwaka haukwisha, kituo cha Mpole kikakaguliwa. Si na Mzee Tochi. Ofisi haikumruhusu kukagua kwa mkwewe, na mwenyewe asingekubali. Alikwenda mkaguzi mwingine, akakuta makosa. Baadhi ya mitungi ya kuzimia moto ilikuwa imepitwa na muda, geji moja imeganda, na shimo la mabaki lililoko nyuma ya pampu limejaa tope. Shimo hilo ni la zege, kina chake kinampita mtu, na humo ndimo yanamokusanyika matone ya mafuta na maji ya kuoshea mitambo. Makosa mengi Mpole aliyarithi kwa msimamizi aliyemtangulia, lakini nani anauliza? Alipewa onyo: wakija tena wakikuta kasoro zilezile, anavuliwa cheo na anatoka kwenye nyumba.

Mitungi akaibadilisha. Geji akaifunga mpya. Likabaki shimo. Tope la mafuta halichotwi kwa mkono; linaletewa lori la kunyonya, lenye tangi na mpira mnene, na lori hilo ni moja kwa vituo vyote. Ukiliita, unasubiri zamu, na kila Mpole alipopiga aliambiwa orodha imejaa, apige tena.

Jumapili moja Chiriku akaja kwa wazazi wake. Walikula, mama mtu akaenda kujinyoosha, na baba na binti wakabaki jikoni wanaosha vyombo, yeye anasugua, baba anafuta. Hiyo ilikuwa desturi yao tangu binti akiwa anasimama juu ya ndoo ili alifikie karo la kuoshea. Siku hiyo Chiriku aliongea, akaongea, halafu katikati ya kuongea akaanza kulia.

"Baba, halali. Usiku anaamka anakaa. Namuuliza nini, anasema shimo. Shimo, shimo! Mpaka mimi naliota, na sijawahi hata kuliona. Wakimvua cheo yule atakufa na aibu, wewe humjui. Na sisi tutakwenda wapi?"

Mzee akaendelea kufuta sahani ambayo ilishakauka.

Sasa yeye alikuwa anajua. Ijumaa ile ofisini aliona mpango wa wiki: Jumatano, kituo cha Mpole, ukaguzi wa kushtukiza, anakwenda yule yule mkaguzi wa kwanza. Alikuwa nayo siku hiyo kifuani tangu Ijumaa, kama chakula ambacho hakijashuka. Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye. Mzee Tochi methali hiyo aliijua. Mara ngapi amewaambia wasimamizi wanaowaonea huruma vijana wao! Lakini hao walikuwa wana wa watu. Huyu alikuwa wake, ameshika sifongo, kamasi zinamtiririka.

Akasema, macho kwenye sahani, "Mwambie mumeo, ningekuwa mimi yeye, lile shimo lisingefika katikati ya wiki na uchafu."

Chiriku akaacha kusugua. Akageuka. "Baba, una maana wanaku..."

"Sina maana yoyote. Sikusema kitu. Nimesema ningekuwa mimi yeye."

"Lakini lori..."

"Chiriku, osha vyombo."

Binti akamkumbatia na mapovu yake mikononi, akamlowesha shati lote. Hata hakusubiri chai. Na Mzee Tochi akabaki jikoni na shati bichi, na nikwambie ukweli, alijisikia vizuri. Alijiona mjanja. Siku hakuitaja, ukaguzi hakuutaja, kwa hiyo hakuvujisha. Na mtoto ameacha kulia. Kwa akili yake alikuwa ameifunga valvu na mafuta yamepita.

Kumbe alichofanya ni kusema nusu. Sikiliza hapa, maana hapa ndipo moyo wake unaporudi kila siku. Kanuni za ukaguzi zinasema hivi: kasoro ikiwa imeshajulikana, na hatua ya kuiondoa imeshachukuliwa, na mahali pamezungushiwa utepe mwekundu watu wasikaribie, mkaguzi haihesabu kuwa kosa. Anaandika "inashughulikiwa", anakwenda zake. Shimo si lazima liwe tupu. Ukishaliita lori na kuzungushia utepe, umefaulu, hata kama lori litakuja mwezi ujao. Mzee Tochi ndiye aliyekuwa akiwafundisha wakaguzi wapya kanuni hiyo. Mpole alikuwa mgeni kwenye kiti, hakuijua. Yeye alielewa shimo liwe safi.

Na Jumatatu asubuhi, mapema kabisa, Mpole alipiga simu kuita lori. Wakamwambia Ijumaa. Akaandikwa kwenye zamu. Utepe ulikuwepo tangu siku ya onyo. Unaona? Alikuwa ameshafaulu. Alikuwa amekaa ofisini kwake jasho linamtoka, na kumbe ameshafaulu, hana wa kumwambia.

Jumanne mchana, wenzake walipokwenda kula, Mpole akachukua ndoo, koleo na kamba. Akamwomba fundi mwenzake mmoja amsimamie juu. Kibali cha kuingia shimoni hakuchukua, maana kibali kinataka mtu aje na chombo kupima hewa kwanza, na mtu huyo anatoka makao makuu, naye anakuja akipenda. Akafunga kitambaa puani. Kitambaa! Kitambaa kinazuia vumbi. Mvuke wa mafuta ni mzito, unatulia chini kwenye shimo kama maji, hauonekani, na ukishauvuta kichwa kinalewa kabla hujajua umelewa. Alitoa ndoo za tope nyingi, akawa anaimba. Halafu kuimba kukakoma.

Aliyekuwa juu alikuwa na akili, hakuruka ndani. Angeruka wangezikwa wawili. Alivuta kamba huku anapiga kelele, lakini mtu mzima aliyelegea ni mzigo, na tope limemshika miguu. Mpaka wenzao wanatoka kantini mbio na kumtoa, alikuwa amekaa bila hewa muda mrefu kuliko kichwa cha binadamu kinavyoruhusu.

Mzee Tochi alikuwa ofisini, amemaliza chai, anamtania dereva kuhusu tairi. Simu ikaita, mkewe. "Baba Chiriku, njoo hospitali. Ni mkweo." Akauliza, "Ajali ya gari?" Mama mtu akasema, "Shimo." Dereva anasema siku hiyo kwa mara ya kwanza mzee alimwambia waendako.

Akamkuta Chiriku kwenye korido, kwenye benchi, mikono imelala magotini. Alitarajia amrukie, ama kwa kulia ama kwa kumpiga. Binti alimtazama tu, akasogea kidogo kumpa nafasi ya kukaa. Daktari akatoka, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini, akawaambia mgonjwa ataishi, moyo ni mzima, ila ubongo ulikaa bila hewa, na ubongo haushonwi. Waliulizana kwa macho. Wala hawakuelewa vizuri siku ile. Walikuja kuelewa alipofumbua macho na kuanza kutabasamu.

Na Jumatano mkaguzi akaenda kama ilivyopangwa, maana hakuna aliyekumbuka kuahirisha. Shimo alilikuta karibu tupu.

Mzee Tochi akamwendea mkuu wake, akafunga mlango, akasema yote. Mkuu alizungusha kalamu, kisha akasema, "Mzee wangu, umebakiza kidogo ustaafu. Ulimwambia mwanao asafishe nyumba yake, hata mimi ningesema. Nenda kapumzike." Alimwendea na mara ya pili, mkuu akajifanya ana kikao. Wakamfanyia sherehe ya kumuaga, soda na keki, wakasimama mmoja mmoja kumsifu: mtu aliyeishi kwa kanuni, mtu ambaye hakuwahi kuvujisha. Alipoitwa aseme neno la shukrani alisimama, akashika kiti, akakaa tena. Wakapiga makofi wakidhani ni furaha imemzidi. Angekuwa na nguvu angelia palepale, lakini hakuwa nazo.

Wanasema majuto ni mjukuu. Mzee huyu mjukuu hakujaliwa. Majuto alijaliwa ya kutosha. Hakujuta kwamba alisema, maana kuna usiku anajiambia baba gani angenyamaza. Hakujuta kwamba kanuni aliivunja, maana kanuni haikumtembelea hospitali. Alijuta kwamba alisema nusu. Angenyamaza kabisa, Mpole angevuliwa cheo, wangehamia kwake, wangebanana, angemsema mkwewe kila siku mezani, maisha yangekwenda. Angesema yote, maneno matatu tu, lori likishaitwa inatosha, leo mkwewe angekuwa kituoni anauliza ni chumba gani kinachoungua.

Na alijuta ile kofia. Hiyo hakumwambia mtu.

Basi mambo yakaenda hivyo, kuogesha, kunyoa, salama, haya, mpaka asubuhi ya leo. Maji yalikuwa yameshamwagwa. Mpole amekaa kwenye kiti karibu na dirisha, taulo shingoni, povu mashavuni, na mzee anamnyoa taratibu. Chiriku akaingia na nguo zilizokauka, akaketi kitandani kuzikunja. Kwa kawaida huzikunjia sebuleni. Mzee akahisi kitu, lakini hakugeuka.

"Baba."

"Naam, mama."

"Ile Jumapili, nilipofika nyumbani, nilimwambia. Nilimwambia maneno yako kama ulivyoyasema." Alikuwa anakunja shati moja, anakunjua, anakunja tena. "Unajua alifanya nini? Alifurahi. Nilidhani ataogopa, akafurahi. Akasema, Baba kaniambia mimi? Kasema kwa mdomo wake? Nikamwambia ndiyo. Akasema, kumbe ananihesabu."

Mzee akaondoa wembe shavuni kwa mkwewe. Aliogopa asimkate.

"Jumatatu wakamwambia lori ni Ijumaa. Akarudi mchana, akashika simu, anataka kukupigia. Akuulize, Baba, afanyeje? Nikamwona anatafuta namba yako. Halafu akaiweka mezani. Akasema hapana, nikimpigia wataona msimamizi kapigia mkaguzi, nitamharibia mzee kazi. Mtu mwenyewe kajitoa kwa ajili yangu, mimi nimtie matatani? Akasema nitafanya mwenyewe. Nataka wakija wasikute hata tone, Baba asikie."

"Mwanangu..."

"Ngoja nimalize, nikinyamaza sitaanza tena." Akaliweka shati pembeni. "Mimi nilikuwepo pale. Simu yangu ilikuwa mkononi. Mimi ningepiga! Binti akimpigia babake, nani angeuliza? Nakupigia kila siku kukuambia bei ya nyanya! Ningekuuliza tu, Baba, lori ni Ijumaa, afanyeje. Sikupiga. Nilikuwa na nguo kwenye maji, nikasema nitapiga baadaye, nikasahau. Unadhani nakununia? Sikununii, Baba. Nikikutazama nakumbuka simu. Kila ukiingia mlangoni pale, nakumbuka simu. Ndiyo maana siongei."

Mzee Tochi alikuwa amesimama na wembe, povu linamdondokea kidoleni. Miezi yote ile alidhani mtoto amembebesha yeye mzigo, akaupokea, akaona ni haki yake. Kumbe mtoto ameubeba mwenyewe, kichwani, peke yake, na bado anapika.

Chiriku akainua uso. Macho mekundu, lakini yanamtazama moja kwa moja, kama zamani.

"Niambie kweli. Wewe husemi uongo. Ningepiga siku ile, ungeniambia nini?"

Jibu alikuwa nalo. Lilikuwa limekaa kooni tangu hospitali. Ningekwambia aache, lori likishaitwa inatosha. Ningekwambia alale usingizi. Ungepiga simu, mwanangu, mumeo angekuwa mzima. Mtu huyu hakuwahi kuandika neno moja la uongo kwenye kazi yake. Alimpoteza rafiki kwa ajili ya kweli, alimvunja moyo kijana wa watu kwa ajili ya kweli, kofia mkononi.

Akafuta wembe kwenye taulo.

"Ningekwambia aingie," akasema. "Nilitaka lisafishwe. Ungepiga ningekwambia hivyohivyo, asisubiri lori, aingie alitoe mwenyewe. Nilimwona mzembe."

Mpole alikuwa akiwatabasamia wote wawili.

"Ungemwambia aingie?" Chiriku alisema polepole. "Bila kupimwa hewa? Wewe?"

"Mimi."

"Wewe unayefungia watu vituo kwa sababu mtu kavaa ndala?"

"Mimi, mama."

Basi Chiriku akasimama, na nguo zote zikaenda chini, na maneno yakamtoka. Yote. Ya shimo, ya kofia, ya zile "naam" za baridi, ya mumewe aliyemtafuta baba miaka yote akamkuta huyu, ya usiku anavyomgeuza kitandani peke yake. Aliyasema kwa sauti mpaka jirani akachungulia dirishani na kuondoka. Mzee alisimama palepale, akayapokea moja moja. Hakujitetea. Alikuwa amesubiri sauti hiyo muda mrefu, na ilikuwa ndiyo, ile ile ya Chiriku, haina pa kupumzika.

"Toka," akamalizia, anahema. "Toka kwangu, Baba. Usirudi. Sitaki kukuona ukimshika."

Mzee akampangusa Mpole povu lililobaki upande mmoja, akaweka wembe juu ya kabati mahali pa juu, akatoka. Viatu alivivaa nje, kwenye ngazi.

Nyumbani alimkuta mama mtu anachagua mchele. Mkewe alimtazama usoni mara moja akaisukuma sinia pembeni.

"Kuna nini? Hawajambo?"

"Hawajambo. Chiriku ameongea leo."

"Ameongea!" Mama mtu akashika kifua. "Ameongea nawe?"

"Ameongea sana. Kama zamani."

"Mungu mkubwa! Mimi nilijua, nilikwambia mtoto atarudi. Basi kesho tunakwenda wote, nimpikie."

Mzee Tochi akakaa kwenye kiti, akaanza kukunjua mikono ya shati lake.

"Kesho nenda wewe," akasema. "Uende kila siku. Maji yawe ya vuguvugu, na ukimnyoa anza na shavu la kushoto, hilo la kulia lina kipele."